Jenereta au inveta: jibu kwa mama wa Wete

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Umeme ukikatika usiku tunakaa gizani hata saa tano au sita, na mara nyengine mchana unakatika nusu siku. Mama yangu anachoma sindano za insulini, kwa hivyo friji dogo la chakula ndilo linaloweka dawa zake. Nina pia friza la kulala ambalo ndiyo riziki yangu, kwani nauzia watoto wa skuli malai na barafu. Maji tunavuta kisimani kwa pampu ya hospawa robo tatu. Mume wangu anataka tununue jenereta kubwa liwashe nyumba nzima. Kaka yangu aliyeko Unguja anasema jenereta limepitwa na wakati, tuchukue inveta na betri. Fedha tuliyonayo haitoshi vyote viwili kwa mpigo mmoja. Tuanze na kipi, na cha ukubwa gani?

Jibu: Wa alaikumu salaam. Dada yangu, anza na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na betri, lakini si kwa sababu aliyoitoa kaka yako, na jenereta la mumeo usilifute katika hesabu, bali liweke nyuma na ulipunguze ukubwa. Wote wawili wanazungumza habari ya nyumba nzima, na hiyo nyumba nzima ndiyo inayomaliza fedha za watu. Ukiitazama vizuri orodha yako, utaona kwamba una mahitaji matatu yasiyofanana: vitu vidogo vinavyotakiwa viwake saa nyingi, yaani taa, feni, simu na friji la dawa, kitu kizito kinachotakiwa kifanye kazi muda mfupi tu, nayo ni pampu, na baridi ya friza, ambayo kwa kweli si haja ya umeme wa kila dakika, maana baridi inaweza kuwekwa akiba kama vile maji yanavyowekwa kwenye tangi. Kila hitaji lina dawa yake, na anayetaka dawa moja kwa yote matatu hulipia ile iliyo ghali kuliko zote.

Kabla ya hesabu, ni vizuri kujua tunajikinga na nini. Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Unguja ilianza kupata umeme wa bara kwa njia hiyo hiyo mwaka 1980, ukaongezwa waya wa pili mwaka 2013. Sehemu kubwa ya kukatika tunakokuona ni kwa saa chache, kwa sababu ya mti ulioangukia laini, transfoma iliyoungua au matengenezo, na huko ndiko kunakostahili kununuliwa vifaa. Kuna aina ya pili, ambayo ni ya nadra lakini haisahauliki: Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika ile miezi mitatu nilikuwa nikiishi Ng'ambo, mjini Unguja, na jioni mtaa wote ulinguruma kama mashine za kusaga. Kufika wiki ya sita, nusu ya majenereta yale yalikuwa yamefunikwa magunia barazani, na mengi yao hayakuwa mabovu. Wenyewe walikuwa wameshindwa na mafuta. Tangu hapo sikumshauri mtu yeyote ategemee jenereta peke yake kwa taa na feni.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Jenereta la petroli la kawaida, lile la kiasi cha kilovolti-ampea 3, hunywa takriban lita 1 hadi 1 na nusu kwa saa likiwa na mzigo wa nusu, na kwa lita hiyo hukupa umeme usiozidi uniti moja hivi, yaani wati-saa 1,000. Linganisha bei ya lita ya petroli na bei ya uniti moja unayonunua kwenye Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla, utajua kila uniti inakuwa ghali mara ngapi. Na kuna balaa zaidi: ukilipunguzia mzigo, halipunguzi kunywa kwa kiasi hicho hicho. Likiwasha taa nne na feni moja tu, bado litachoma zaidi ya nusu lita kwa saa, kwa sababu mafuta mengi yanakwenda katika kuuzungusha mtambo wenyewe mizunguko 3,000 kwa dakika ili utoe mawimbi 50 kwa sekunde, iwe kuna mtu anayeutumia umeme au hakuna.

Sasa tufanye hesabu ya usiku wako. Chukua kipindi cha kuanzia saa 1 ya usiku hadi saa 7, saa sita kamili. Taa nne za LED za wati 9, tukisema zinawaka saa tano, zinakula wati-saa 180. Feni mbili za wati 60 kwa saa sita ni 720, na hapo uone kwamba feni ndiyo mlaji mkubwa wa usiku, si taa. Televisheni ya wati 80 kwa saa tatu ni 240. Simu na kisanduku cha intaneti tuvipe 100 kwa pamoja. Friji dogo ukilisoma kwa wati 120 zilizobandikwa mgongoni utajidanganya, kwa sababu mashine yake huwaka na kuzima. Friji la namna hiyo hula uniti moja hivi kwa siku nzima, ambayo ni sawa na wastani wa wati 40 na kitu kila saa, basi kwa saa sita tuseme 270. Jumla inakuja wati-saa 1,510, yaani uniti moja na nusu. Inveta nayo hula njiani, kwa hivyo gawa kwa 0.85, utapata kwamba betri itatakiwa itoe kiasi cha wati-saa 1,800.

Hapa ndipo wauzaji wanapowapoteza wateja. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwa karatasi, na mteja akiona 2,400 ni zaidi ya 1,800 hulipa akaondoka. Lakini betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, haifai kukamuliwa zaidi ya nusu yake. Ukiizoesha kuimaliza kila usiku, sahani zake huharibika na baada ya miezi utakuwa na sanduku zito lisilohifadhi kitu. Kwa hivyo kwa betri za risasi unahitaji mara mbili ya 1,800, ambazo ni 3,600, na jibu la karibu sokoni ni betri mbili za ampea-saa 200 zilizofungwa mfululizo kuwa volti 24, jumla 4,800. Betri ya lithiamu ya aina ya feri fosfeti, ile iliyoandikwa LiFePO4, inakuruhusu kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Betri moja ya volti 25.6 na ampea-saa 100, ambayo ni wati-saa 2,560, itakupa zaidi kidogo ya 2,000 na kazi itakuwa imekwisha. Yaani lithiamu moja unayoweza kuinyanyua mwenyewe inashika nafasi ya betri mbili za risasi ambazo kila moja inataka watu wawili.

Kuhusu uzito, acha nikupe kipimo cha mnunuzi. Betri ya kweli ya risasi ya ampea-saa 200 ina uzito wa kilo 55 hadi 65. Ukiona kijana wa dukani ameiinua kwa mkono mmoja huku anakueleza sifa zake, mpe salamu zako uende duka jengine, kwa sababu risasi iliyoandikwa juu ya kibandiko haimo ndani. Na betri ya gari, hata ikiwa mpya na kubwa, si ya kazi hii. Imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kupiga stata, sahani zake ni nyembamba, na kwa kazi ya kuwasha feni usiku kucha haitamaliza mwaka.

Ipi basi, risasi au lithiamu? Ningekuwa na uwezo ningechukua lithiamu, na sababu yangu kubwa si ile inayotangazwa kwamba hudumu kujazwa na kutumika mara 3,000 au zaidi, ilhali ya risasi nzuri hudumu mia kadhaa hadi 1,000. Sababu yangu ni kasi ya kujaa. Betri ya risasi inataka ijazwe polepole, kwa ampea zisizozidi asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wake, na robo yake ya mwisho huchukua saa nyingi hata kama chaja ina nguvu. Umeme ukirudi kwa muda wa saa mbili halafu ukaondoka tena, betri ya risasi haijajaa, na ikiachwa hivyo siku baada ya siku hujenga ukoko mweupe wa salfeti kwenye sahani na kufa kabla ya wakati wake. Lithiamu huchukua kile inachopata katika zile saa mbili, na kukaa bila kujaa hakuidhuru. Kwa sehemu ambayo umeme unakwenda na kurudi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko yote.

Joto nalo tusilisahau, maana vitabu vya betri huandikwa kwa hesabu ya nyuzi 25, na sisi Januari na Februari tunaishi juu ya 30. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata umri wake karibu nusu. Basi usiiweke chini ya bati lisilo na dari, wala kwenye kibanda cha uani kinachopigwa jua la alasiri. Mahali pazuri ni pembe ya ukumbi au ya ushoroba yenye kivuli na hewa, juu ya mbao kidogo, si chini ya kitanda cha mtu, kwa sababu betri ya maji inapojazwa hutoa gesi ya hidrojeni ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Ukichukua za maji, uziangalie kila mwezi, uongeze maji ya betri yaliyosafishwa na si ya kisima wala ya bomba, na vichwa vyake upake mafuta mazito ya vaselini, maana hewa yetu ya chumvi hulifanya koti la kijani juu ya shaba kwa muda mfupi sana. Betri mbili zinazofungwa pamoja ziwe za aina moja, umri mmoja, na zimenunuliwa siku moja. Kuunga nzee na mpya ni kuiua mpya.

Inveta yenyewe sasa. Ukijumlisha vitu vyote vya usiku vikiwaka kwa pamoja hupati hata wati 450, lakini mashine ya friji inapoanza hudai kwa nusu sekunde mara tano au zaidi ya kawaida yake. Inveta ya volti 24 yenye uwezo wa kudumu wa wati 1,000 hadi 1,200, ambayo sokoni huuzwa kama ya kilovolti-ampea 1.5, itakutosha na kubakisha. Usishawishiwe kuchukua ya kilovolti-ampea 5 kwa kudhani kubwa ni bora. Inveta kubwa hula wati 50 au zaidi kwa kukaa tu, na kwa saa sita hizo ni wati-saa 300, zaidi ya friji lako. Hakikisha ni ya wimbi safi, lile ambalo mafundi huliita piua sain. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi. Taa haitajali, lakini feni itavuma kama nyuki na mashine ya friji itapata joto isilostahili. Iwe pia na chaja ndani yake, na ijibadilishe yenyewe umeme unapokatika. Ukichagua lithiamu, lazima chaja hiyo iwe na mpangilio wa lithiamu au ikubali kuwekewa kikomo cha volti, kwa sababu mpangilio wa betri za maji una hatua ya kuzipandisha volti ili kuzisafisha, na hatua hiyo haiifai lithiamu. Na kama kuna tofauti ndogo ya bei kati ya inveta ya kawaida na ile yenye nafasi ya kuingizia sola, lipa tofauti hiyo leo, hata kama sola utaiweka baada ya miaka miwili.

Kuna kitu ambacho mafundi wengi hukipuuza, nacho ni waya baina ya betri na inveta. Nilipata kuitwa nyumba moja Fuoni, mwenye nyumba analalamika kwamba inveta yake mpya inazima kila friji linapoanza, na akiwasha pasi ndiyo kabisa. Ilikuwa ya volti 12 na wati 2,000, betri iko upande wa pili wa ukuta, na fundi aliyefunga alitumia mita nne za waya ule ule wa soketi. Niliushika ule waya kwa vidole viwili, plastiki yake ilikuwa imelainika kama halua ambayo haijapoa. Hesabu ni hii: wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83, na ukiongeza kile inveta inachokula zinakaribia 100, ambazo waya wa soketi hauzibebi. Kwa volti 24 ampea ni nusu, na kwa kuwa joto la waya hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, nusu ya ampea ni robo ya joto. Ndiyo maana nimekuambia volti 24. Waya wako uwe wa shaba, wa milimita za mraba 25, usiozidi mita moja na nusu, na karibu kabisa na kichwa chanya cha betri kuwe na fyuzi ya ampea 100. Fyuzi hiyo si pambo. Vichwa vya betri vikigusana, haina breka ya kuizuia, na inaweza kuyeyusha spana.

Kwenye ubao wa umeme, mwambie fundi akutengee laini ya dharura: kisanduku kidogo chenye breka tatu, moja ya taa, moja ya soketi za ukumbi na chumba cha mama, moja ya soketi ya friji dogo, na hizo tatu tu ndizo zilishwe na inveta. Pasi, jagi la umeme, pampu na friza vibaki kwenye laini ya kawaida, visiweze kuifikia inveta hata mtoto akisahau. Nyutro za laini hizo, yaani waya za kurudishia umeme, nazo zitenganishwe, si waya wa moto peke yake. Nyutro zikichanganywa, breka ya usalama itakuwa inaanguka bila sababu unayoiona, na fundi mvivu ataiondoa breka badala ya kuondoa kosa.

Tuje kwenye friza, ambalo najua ndilo linalokunyima usingizi. Friza lililojaa, likifungwa na lisifunguliwe, huhifadhi ugandishaji kiasi cha saa 48. Likiwa nusu, kiasi cha saa 24. Kwa hiyo kukatika kwa nusu siku hakulidhuru peke yake. Kinacholidhuru ni watoto wa skuli, kwa kuwa kila malai moja inayouzwa ni mfuniko unaofunguliwa. Umeme ukiondoka, toa mara moja malai ya biashara ya saa mbili tatu, yatie kwenye deli, na friza ulifunge usiliguse. Kisha jaza nafasi zilizobaki wazi ndani yake kwa chupa za plastiki za maji ya chumvi, gramu 100 za chumvi kwa kila lita, usizijaze hadi mdomoni kwani maji yakiganda hupanuka. Maji matupu huyeyuka kwenye sifuri, na malai kwenye sifuri yameshakuwa uji. Maji ya chumvi kiasi hicho hukaa karibu na nyuzi 6 chini ya sifuri mpaka yamalize kuyeyuka, na kwa muda wote huo malai yako yanabaki magumu. Kilo 10 za chupa hizo zinazuia joto la kiasi cha uniti nzima au karibu yake. Huwezi kupata betri ya bei hiyo popote.

Insulini ina masharti yake. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na friji lililofungwa hushikilia baridi yake kiasi cha saa 4 hata bila inveta. Iliyofunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, ili mradi lisizidi nyuzi 25 au 30 kwa kufuata aina yake, kwa hiyo soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia wa hospitali anayompa mama dawa. Ukilazimika kuitoa, iweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani mna barafu iliyofungwa kitambaa kizito, na dawa isiiguse barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Jenereta litakuja hatua ya pili, na kazi yake ni hii: siku umeme unapokaa sana bila kurudi, uliwashe saa mbili au tatu tu kwa siku, na katika saa hizo lifanye kila kitu kwa pamoja. Pampu ya hospawa robo tatu inavuta wati 850 hivi, friza 200, na chaja ya inveta inaweza kuvuta hadi 1,000. Jumla ni kama wati 2,050, na kwa hiyo jenereta lenye uwezo wa kudumu wa wati 2,500 linatosha; angalia namba ya kudumu, si ile ya juu inayoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Anza na pampu peke yake, kwa sababu ikianza hudai mara tatu ya kawaida yake, iache izoee, halafu friza, halafu chaja. Tangi likijaa zima pampu. Namna hii petroli yako inatumika likiwa jenereta limebeba mzigo wa maana, na saa ishirini na moja zilizobaki nyumba inaendeshwa na betri kimya kimya. Oili ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 50 hadi 100. Mara moja kwa mwezi liwashe robo saa likiwa na mzigo, na ukimaliza funga bomba la mafuta liunguze yaliyomo kwenye kabureta, maana petroli inayolala humo hugeuka gundi.

Mambo mawili ya jenereta nayasema bila kulainisha. La kwanza ni moshi wake. Una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati hata nafasi ya kuamka. Likae nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Si barazani, si jikoni, si kwenye ua wa ndani uliozungukwa na kuta hata kama juu ni wazi. La pili ni ule waya wenye vichwa viwili vya kiume, mmoja kwenye jenereta na mwengine kwenye soketi ya ukutani, ambao nimeuona nyumba za watu wenye elimu. Umeme huo hauishii ndani. Unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui upande. Volti 230 zinazoingia kwa nyuma zinatoka volti 11,000 au zaidi kwenye laini ambayo kijana wa shirika la umeme amepanda nguzo akiamini imekufa. Na umeme wa shirika ukirudi wakati huo, jenereta lako linaungua papo hapo. Mwambie fundi afunge swichi ya kubadilisha, ya mkono, yenye nafasi tatu, ambayo haiwezi kuunganisha pande mbili kwa wakati mmoja. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na fundi anayekuambia si lazima, mlipe nauli yake arudi kwao. Wakati yupo, apige nguzo ya shaba ya ardhi na aipime. Ardhi ya Wete ni ya udongo, inakubali vizuri kuliko wenzetu wa maweni wanaochimba jiwe tupu.

Kwa utaratibu wa fedha, basi, fuata hivi. Mwezi huu nunua gadi za friji na za friza, zile zinazosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kwa sababu mashine nyingi huuawa na umeme unaporudi kwa kishindo na si unapokatika. Na ugandishe chupa zako za chumvi. Kisha inveta na betri pamoja na ile laini ya dharura. Ikiwa fedha inatosha inveta nzuri na betri za risasi tu, chukua hivyo, na lithiamu itakuja hizi zikichoka, ila chagua inveta inayozikubali zote mbili. Swichi ya kubadilisha ifungwe siku hiyo hiyo ingawa jenereta bado, ili siku ya dhiki ukiazima la jirani lipate mahali halali pa kuingilia. Jenereta lenyewe linaweza kusubiri, au mkalinunua kwa shirika na nyumba ya pili, kwa kuwa kila nyumba inalihitaji saa tatu tu. Sola iwe ya mwisho, na ukiiweka usipige hesabu yako kwa jua la Januari. Ipige kwa masika.

Fundi akimaliza, usimlipe kitu cha mwisho mpaka mfanye jaribio hili. Subiri usiku, umeme ukiwepo, zima breka kuu kwa mkono wako, ukae na nyumba yako kama kawaida saa nne, friji likiwa ndani ya hesabu. Kila nusu saa shika waya wa betri pale unapoingia kwenye inveta. Uwe vuguvugu kwa mbali au baridi, si moto. Mwisho wa saa nne, soma volti za betri wakati feni mbili na friji zinafanya kazi: za risasi zikiwa chini ya volti 23.5, ama betri si za ukubwa ulioandikwa, ama kuna kitu cha laini ya kawaida kimeungwa kwenye laini ya dharura, na fundi bado yuko hapo barazani wa kukitafuta.